Tumbo la Chombo: Juu ya Wajibu wa Kutunza Kisichoonekana

Liko swali ambalo mabaharia wa pwani yetu hawakuhitaji kitabu ili kujiuliza. Chombo kikiisha kutia nanga bandarini, shehena ikateremshwa na tanga likakunjwa, je, kazi imekwisha? Asiyeijua bahari hujibu kwamba imekwisha. Aijuaye hujibu kwamba imekwisha kazi inayoonekana, na sasa yaanza ile isiyoonekana: kulitunza tumbo la chombo, yaani sehemu iliyo chini ya maji, ambayo abiria haioni wala mwenye mali haikagui. Katika makala haya nataka tulichungue swali hilo kama jambo la maadili, wala si la ufundi peke yake. Mtu ana wajibu gani kwa sehemu ya kitu isiyoonekana, hasa ikiwa kuisafisha leo hakuizuii kuchafuka kesho? Na kama wajibu huo upo, je, kila njia ya kusafisha ni halali?

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo, kwani hukumu isiyotanguliwa na ujuzi ni kelele tupu. Ubao uliozamishwa katika maji ya bahari haukai mtupu hata siku moja. Katika saa chache za mwanzo hutandwa na utando mwembamba mno, na juu ya utando huo bakteria hujishikiza. Siku chache baadaye huja mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na mkono ukipita hapo huhisi utelezi, ndio ukoga. Baada ya majuma machache ukoga huo huwa kama shamba lililolimwa. Mwani huota nyuzi zake, na wachanga wa viumbe wenye magamba, waliokuwa wakielea ovyo majini, hupata mahali pa kutua. Miongoni mwao vimo vile vijidudu vyenye gamba jeupe, vikali kama wembe kwa mguu wa mpiga mbizi, ambavyo watu wengi hudhani ni jamaa ya chaza, kumbe ni jamaa ya kamba na kaa. Kijidudu hicho hujigandisha kwa kichwa kwa gundi yake mwenyewe, hujijengea nyumba ya chokaa, na tangu hapo hakihami tena mpaka kufa. Hata kikifa, nyumba yake husalia pale pale.

Mbaya zaidi ni yule atoboaye mbao. Huitwa mnyoo kwa sababu ya umbo lake, lakini kwa asili yeye ni ndugu wa chaza na kome. Huingia ubaoni angali mdogo kuliko punje ya ulezi, kwa tundu ambalo jicho huliona kwa shida. Akiisha kuingia hukua humo humo ndani, hula mbao na kupanua njia yake kadiri anavyonenepa, ilhali mlango wake wa nje wabaki ule ule mdogo. Kwa hiyo ubao waweza kuonekana mzima kwa nje, na huku ndani umekuwa kama sega la nyuki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nahodha naye alikuwa na haki ya kuongeza kwamba kikizamishacho chombo chako si lazima kitoke mawimbini.

Yapo hapa mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba uchafu huu hauji kwa kosa la mtu. Hakuna aliyeutupia chombo. Ni uhai wenyewe unaotafuta mahali pa kukaa. La pili ni kwamba chombo kiendacho huchafuka polepole kuliko kilichotulia. Wale wachanga hushindwa kujishikiza pale maji yapitapo kwa kasi, bali bandarini, penye utulivu, hupata nafasi na muda. Mahali pa salama, basi, ndipo pa hatari hii. Nahodha aliyeogopa dhoruba akakaa bandarini mwaka mzima atakuta kwamba chombo chake hakikuvunjika, lakini pia hakiendi. Utando wa ukoga peke yake waweza kuongeza nguvu ihitajiwayo kukisukuma chombo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na magamba huongeza kupita hapo. Meli ya leo hulipa deni hilo kwa mafuta. Jahazi la jana lililipa kwa siku, na siku chache zilitosha kulikosesha pepo za msimu.

Ndiyo maana watu wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, waliiweka kazi hii ndani ya majira yao ya mwaka. Vyombo vilivyoshuka na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba ya Uajemi vilingoja kusi ili kurudi, na katika kungoja huko ndiko vilikosafishwa. Wakati wa bamvua, maji yajaapo sana, chombo husogezwa ufuoni na kuegemezwa kwa magogo. Maji yakipwa, na katika Mombasa na Unguja tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia karibu mita 4, chombo hupwelewa na tumbo lake huwa wazi. Hapo watu hushindana na saa, maana bahari haikopeshi. Baada ya muda wa saa sita hivi maji yatakuwa yamejaa tena. Wengine hukwangua magamba, wengine husugua ukoga, wengine hupitisha mienge ya makuti makavu chini ya mbao ili moto uwaue watoboao kabla hawajazama sana. Fundi hukalafati nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Mwishowe hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kwa viganja vya mikono. Mbao za juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake humtangulia baharia kabla hajatoa salamu. Baada ya miezi michache kazi hiyo yote hufanywa upya, tangu mwanzo.

Hufanywa upya tangu mwanzo: hapa ndipo penye fumbo letu. Binadamu hupenda kazi yenye kikomo. Ajengaye nyumba siku moja huezeka, akafunga mlango, akaalika majirani. Afagiaye nyumba hiyo hana siku ya kualika mtu, kwa sababu kesho atafagia tena. Ndiyo sababu wajenzi huandikwa katika historia na wafagizi husahauliwa. Sisi wa Rwanda tunalijua jambo hili kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Mtaro uliozolewa mwezi uliopita umejaa udongo tena, na yuko daima mtu mmoja mwenye jembe begani aulizaye, nusu kwa mzaha, kuna faida gani kuuzoa mtaro ambao mvua itaujaza.

Swali la mtu huyo si la kipuuzi, nalo lastahili jibu. Mimi naona kwamba thamani ya kutunza haipimwi kwa kudumu kwa matokeo yake, bali hupimwa kwa kile ambacho kingetoweka kama lisingefanyika. Mtaro uliozolewa haudumu mwaka, lakini nyumba zilizo chini ya mtaro huo zimedumu mwaka. Deheni haidumu msimu, lakini jahazi limedumu miaka mingi, na watu waliosafiri ndani yake wamezaa watoto. Asemaye, "Kwa nini nisafishe, na kesho kutachafuka?" hana budi kusema pia, "Kwa nini nile, na kesho nitaona njaa?" Uhai wote ni kazi ya kurudia. Vitu vya mara moja, kama vile jiwe la kaburi, ni vya waliokwisha kufa.

Lakini bado hatujajibu kwa nini mtu awajibike kwa sehemu isiyoonekana hasa. Wako wadhanio kwamba pasipoonekana wajibu hupungua, kwani hakuna wa kulalamika. Mimi nashika kinyume chake. Abiria apandaye chombo huona matanga, huona sitaha, humwona nahodha amevaa kilemba safi. Mambo hayo aweza kuyakagua mwenyewe na kukataa kupanda. Tumbo la chombo hawezi kulikagua. Amelikabidhi kwa nahodha bila hata kujua kwamba amekabidhi. Kwa hiyo pale ambapo mwenzako hana uwezo wa kukagua, pana deni kubwa zaidi, si dogo. Ndivyo ilivyo kwa fundi wa msingi wa nyumba, kwa mwuza dawa, kwa mpishi jikoni, na kwa mwalimu aliyefunga mlango wa darasa lake.

Upo mfano mmoja wa Maziwa Makuu ambao nauona wafaa sana kufundishwa. Mwaka 1913 meli ilijengwa huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapelekwa Dar es Salaam na kisha Kigoma kwa reli, ikaundwa tena na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Iliitwa Graf von Götzen, jina la yule Mjerumani aliyepita Rwanda mwaka 1894, akapokewa na Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri na kulifikia Ziwa Kivu. Vita vilipowaelemea, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe Julai 1916 ili adui asiipate. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali. Kwa nani? Hawakujua. Walikuwa wakishindwa vita, na ziwa lilikuwa likiifunika kazi yao. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mitambo ingali ya kufaa, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikawachukua watu wa Kigoma na wa bandari nyingi za ziwa hilo kwa vizazi kadhaa. Grisi ile iliyopakwa gizani, na watu wasiotazamia shukrani, ndiyo iliyofika mbali kuliko bendera yao.

Twaweza kusema, sisi tukaao Rugerero, kwamba habari za magamba na watoboa mbao hazituhusu. Ziwa Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,460 hivi, na maji yake si ya bahari. Viumbe tuliowataja hawamo. Hata mabaharia wa zamani walijua kuingiza vyombo vyao katika midomo ya mito ili maji baridi yawaue wale waliojishikiza. Hata hivyo, tazama mashua zinazovua sambaza, samaki wale walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959. Hufungwa tatu tatu kwa miti mirefu na kwenda ziwani usiku na taa zao. Katika miaka ya karibuni uvuvi umekuwa ukisimamishwa kwa muda kila mwaka ili samaki wazae, na mashua hukaa. Mashua ikikaa majini hutandwa na ukoga wa kijani, na ubao huanza kuoza pale hasa unapolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Hakuna maji yasiyo na chake cha kugandisha. Tofauti ni jina la kinachoganda na muda kinaouchukua.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ni gumu kuliko la kwanza. Tukiisha kukubali kwamba kusafisha ni wajibu, je, kila njia yafaa? Historia ya jambo hili ni ndefu na yafundisha mengi. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari yao iitwayo Alarm kwa mabati ya shaba chini ya maji. Shaba ilifanya kazi nzuri: mwani na magamba havikuganda. Lakini baada ya miaka michache ilionekana kwamba misumari ya chuma iliyoshika shaba na mbao ilikuwa imeliwa vibaya, kwa sababu chuma kikigusana na shaba ndani ya maji ya chumvi, chuma huteketea. Kilichowekwa ili kukilinda chombo kilikuwa kikila kile kinachokishikilia chombo pamoja.

Mwaka 1824 mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alitaka kuizuia shaba yenyewe isiliwe na bahari. Aliunganisha nayo vipande vya chuma au zinki ili hivyo viliwe badala yake. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na shaba ikaacha kuliwa. Lakini mwani na magamba yakarudi! Ikadhihirika kwamba shaba ilikuwa safi kwa sababu tu ilikuwa ikijitoa kidogo kidogo majini; ilipohifadhiwa isipungue, haikuweza tena kukilinda chombo. Nitalirudia jambo hili mbele, maana lina neno kwetu.

Kisha, katika miaka ya 1960, zikaenea rangi zenye kiini cha bati kiitwacho tributilitini. Mwenye chombo alifurahi mno. Alipaka mara moja akapumzika miaka; hapakuwa na kukwangua, hapakuwa na mienge wala mikono yenye shahamu. Lakini sumu haikubaki ubaoni. Ilitoka ikaingia majini. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza walianza kuota magamba manene yasiyo na umbo, na vizazi vyao vikakatika, hata wafugaji wa chaza wakapata hasara kubwa. Mahali pengine konokono wa baharini majike waliota viungo vya kiume na kushindwa kuzaa. Ufaransa ilizuia rangi hizo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa mataifa wa kuzipiga marufuku ulikubaliwa mwaka 2001, ukaanza kutumika Septemba 2008. Usafi ulionunuliwa kwa afya ya jirani si usafi. Ni uchafu uliohamishwa. Na mara nyingi huhamishwa kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye na sauti.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie upande wa pili na kusema kwamba, ikiwa hivyo, afadhali kuviacha viumbe hivyo viishi kwa amani. Chombo kichafu nacho humdhuru jirani. Huchukua wageni tumboni mwake na kuwashusha katika bandari isiyowajua. Mwaka 1999 huko Darwin, Australia, walikutwa kome wa kigeni wamejaa katika maegesho ya mashua, na serikali ikalazimika kuyafunga maegesho hayo na kuyatia dawa zilizoua kila kiumbe kilichokuwamo ili wageni hao wasienee. Asiyesafisha, basi, amemwachia mwingine kazi hiyo, tena kwa njia kali zaidi. Maji ni ya wote. Sisi wa bonde la Sebeya tulikumbushwa hilo Mei 2023, mto ulipofurika na kuleta maafa: kitokeacho juu mlimani hakikosi kumfikia aliye chini.

Hivyo ile njia ya zamani ya deheni na mwenge, pamoja na uchovu wake wote, ilikuwa na sifa mbili za kimaadili. Gharama yake ilimwangukia zaidi yule aliyefaidika na chombo, na ilimlazimisha kulitazama tumbo la chombo chake mara kwa mara, ubao kwa ubao. Anayekwangua kwa mkono hugundua ufa. Anayepaka sumu na kuondoka haoni ufa mpaka maji yaingie.

Wasomaji wa kurasa hizi ni walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao, na ingekuwa ajabu kama hawakuona kwamba lugha nayo ni chombo. Tangu zamani tumezoea kusema juu ya usafi wa lugha, na kazi ya mwalimu huelezwa kuwa ni kuikwangua lugha ya mwanafunzi. Kutoka Rugerero hadi mpaka wa Goma ni mwendo mfupi. Watoto wetu husikia Kiswahili cha Kongo sokoni, barabarani na redioni. Husema *mutoto* na *batoto*, wakaja darasani wakakuta kitabu chasema *mtoto* na *watoto*. Kitabu chafuata Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi uliofanywa Mombasa mwaka 1928 na kusimamiwa na kamati iliyoanza kazi mwaka 1930. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, usanifu huo ulizidi kuwa na uzito, kwani ndio utakaomfikisha mwanafunzi Dodoma, Mombasa na Unguja. Swali langu ni hili: *batoto* ni ukoga, au ni ubao?

Kabla ya kushika kikwanguo, mwalimu na atazame vizuri. Kiambishi *ba-* cha watu wengi ni cha kale sana katika lugha za Kibantu. Ndicho kilichomo katika *abantu* na *abana* wa Kinyarwanda, na *wa-* ya Kiswahili imetokana na umbo hilo hilo la kale. *Mu-* nayo ni ya kale kuliko *m-*. Mtoto asemaye *batoto* hakubeba gamba la bandarini. Amebeba ubao wa msitu ule ule ambao Kiswahili chote kilichongwa. Haifai kuandikwa hivyo katika insha ya mtihani, na ni wajibu wetu kumfundisha *watoto* mpaka izoeleke. Lakini kumfundisha umbo la pili ni jambo moja, na kumwambia kwamba umbo la kwanza ni taka ni jambo lingine. Anayekwangua ubao akidhani ni gamba hutoboa chombo.

Tukumbuke pia maneno yenyewe tunayoyatumia katika kusema habari za bahari. *Nahodha* na *bandari* yametoka Uajemi. *Deheni*, *kalafati* na *sukani* yametoka Uarabuni. *Tanga* ni la Kibantu. Atakaye kukisafisha Kiswahili kwa kuondoa kila kilichotoka nje atabaki na tanga zuri juu ya chombo kisicho na nahodha, kisicho na sukani, kinachovuja, na ambacho hakina bandari ya kurudia.

Je, ni kusema kwamba lugha haina ukoga? La hasha. Ukoga upo, nao hauonekani hasa kwa mgeni wa neno, bali kwa kutulia kwa msemaji. Ni ule upatanisho wa ngeli ulioachwa kwa uvivu ilhali mtu anaujua. Ni lile neno la kigeni lililookotwa kwa haraka wakati lake lipo mdomoni. Ni zile tungo zilizoganda, zisemwazo katika kila hotuba bila mtu kuzifikiri, mpaka zimekuwa kama nyumba tupu za chokaa ambazo mwenyewe alikwisha kufa. Kipimo ni kile kile cha mabaharia: je, kitu hiki chazuia mwendo? Je, chaila mbao? Je, naweza kukiondoa bila kuumiza mbao? Lisilojibiwa ndiyo katika swali lolote kati ya mawili ya kwanza, na liachwe.

Sumu nayo ipo katika kazi yetu. Katika shule nyingi za Afrika Mashariki, wakati wa ukoloni na hata baada yake, mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni au kuchapwa mbele ya wenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Hatuwezi kukana kwamba njia hiyo ilileta matokeo, kama vile rangi ya bati ilivyoleta matokeo. Lakini tuangalie yaliyopata majirani zake: watoto walionyamaza, wazazi walioonewa haya na watoto wao, lugha zilizoacha kuzaa. Leo kibao hakipo katika shule zetu, lakini kicheko kipo. Mwalimu arudiaye *batoto* kwa sauti ya dhihaka ili darasa licheke amepaka sumu. Atapata darasa safi lisilosema kitu. Na chombo kilichotulia, tumekwisha kuona, ndicho kichafukacho.

Kwa hiyo dawa kuu ni mwendo. Lugha husafishwa kwa kusemwa: katika mjadala, katika maigizo, katika barua, katika hadithi ambazo mtoto husimulia na kukosea na kusahihishwa kwa upole na kuendelea. Shule zetu zilipofungwa tangu Machi hadi Novemba 2020, kila mwalimu wa lugha alijua kwamba hali ya wanafunzi wake atakaowakuta haingekuwa ile aliyoiacha. Halikuwa kosa la mtu. Ilikuwa ni kukaa bandarini.

Nasi walimu tusisahau shaba ya Davy. Ililinda kwa kujitoa. Mwalimu asahihishaye madaftari sitini usiku, akijua kwamba juma lijalo makosa yale yale yatarudi, hupungukiwa kitu kila mara; macho yake, saa zake, subira yake. Siku atakapopata njia ya kufundisha isiyompunguzia chochote, na aikague njia hiyo kwa makini, huenda haifundishi chochote. Hii si hoja ya kuwanyima walimu pumziko wala haki zao, kwani shaba nayo hubadilishwa ikiisha. Ni kusema tu kwamba uchovu wa kurudia si dalili ya kazi iliyoshindwa. Ndio uso wa kazi yenyewe.

Basi majibu yetu ni haya. Kusafisha kunakorudiwa kuna maana, kwa sababu kinachodumu si usafi bali safari. Wajibu ni mkubwa zaidi pasipoonekana, kwa sababu hapo wenzetu wametuamini bila uwezo wa kutukagua. Na si kila njia ni halali: iliyo halali ni ile ambayo mwenye chombo huibeba gharama yake mwenyewe, ambayo haimtilii jirani sumu, na ambayo huujua ubao kabla ya kuukwangua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini majini hakuna ukuta wa kujenga. Kuna kukwangua leo, kupaka deheni, na kungoja bamvua lijalo.